Ukuta Uliozaa

Jescah Musimbi alikuwa na mikono isiyolingana rangi. Wa kulia ulikuwa mweupe kuzunguka kucha na ndani ya mistari ya kiganja, na weupe ule haukutoka kwa sabuni wala kwa jiwe la kusugulia. Wa kushoto, uliokuwa ukishika karai, ulibaki wa kawaida. Upande wetu wa msitu walimwita Mama Chokaa, ingawa chokaa hasa hakuwahi kuinunua maishani mwake. Alichopaka ni udongo, na udongo huo aliutoa shimoni.

Shimo lilichimbwa na babake pamoja na wenzake miaka ya thelathini, wakati habari za dhahabu zilipovuma Kakamega. Mzungu mmoja aliwapa sururu akawachimbisha kilima kilicho ukingoni mwa msitu: hatua arobaini moja kwa moja, kisha njia ikagawanyika, tawi moja kulia na jingine kushoto. Dhahabu haikuonekana. Mzungu aliondoka, popo wakahamia tawi la kulia. Katika tawi la kushoto mzee alikuwa ameona mkanda wa udongo mkavu, mweupe, laini kama unga wa muhogo, na Musimbi alipotimiza miaka kumi na miwili alimpeleka akamwonyesha. "Dhahabu ni hii," alimwambia, "ila Mzungu hakuwa na nyumba ya kusiriba."

Kwetu nyumba husiribwa upya kila Desemba. Huanza mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na udongo mwekundu, ukafuata mkanda mweusi wa masizi chini, kisha rangi juu. Nyumba iliyopakwa na Musimbi ilijulikana tangu barabarani, kwa sababu weupe wake uling'aa hata siku ya mawingu. Wanawake walimwuliza siri yake, naye hakuificha. Siri ilikuwa vidonge. Udongo wa shimo lake ulikuwa na vipande vidogo vyeupe, vyembamba, vilivyopinda kama ganda la njugu. Wengine wangevipepeta wakavitupa. Yeye alivisaga juu ya jiwe. Vilikuwa nini, hakujua. Alidhani ni mawe machanga.

Haya niliyajua kwa sababu ya kitabu. Wakati huo nilikuwa karani katika kituo cha msitu pale Isecheno. Kila asubuhi nilipima mvua, na kila aliyeingia msituni kuokota kuni, kuchuma dawa au kuchimba udongo nilimwandika jina, tarehe na mzigo. Musimbi hakungoja niulize.

"Andika, karani. Musimbi, udongo, karai mbili. Na uandike nimetoka mzima."

Hilo la mwisho sikuliandika, lakini alilisema kila mara, maana shimoni aliingia peke yake.

"Huogopi?" nilimwuliza siku moja.

"Nimwogope nani? Huko niko na wenyeji."

Wenyeji wake walikuwa mijusi. Aliwaeleza kama mtu anayeeleza majirani. Walikuwa wa kijivu wenye mistari hafifu, ngozi yao nyororo kama ya kidole kilichokaa sana majini, na macho makubwa yasiyo na kope. Vumbi likimwingia mmoja jichoni, alitoa ulimi akalilamba jicho lake mwenyewe mpaka likatakata. Vidole vyao vilikuwa vimepanuka nchani, nao walitembea kwenye dari ya shimo kichwa chini, bila haraka, kama mtu anayekwenda kwa shemeji. Walikula mende na nyenje waliojaa kwenye mavi ya popo. Popo walitoka jioni kula msituni, wakarudi na shibe yao, na shibe hiyo ndiyo iliyolisha shimo zima hadi mwisho wake.

"Yaani msitu unaingianga mle ndani kwa mabawa," aliniambia Musimbi, akajitwika karai akaenda zake. Nilikaa na sentensi hiyo mchana kutwa.

Mumewe alifariki mwaka 1983. Binti zake wawili waliolewa mbali. Aliyebaki naye ni Elvis, kitinda mimba, aliyekuwa akikata miwa upande wa Kabras na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mwaka 1994 Elvis alimwoa Beverlyne, binti wa watu wa Matete, msichana mrefu wa maneno machache. Machi ya mwaka uliofuata Beverlyne aliharibikiwa na mimba yake ya kwanza. Musimbi ndiye aliyemwogesha, akamlaza, akampikia uji wa wimbi wiki mbili bila kumruhusu kushika hata ufagio. Tangu hapo hukuwaona mbalimbali. Walilima mstari mmoja na kula chungu kimoja. Kufika Desemba Beverlyne alikuwa na mimba nyingine ya miezi mitatu, na Musimbi alitaka nyumba ya mwanawe ing'ae kuliko zote mlimani.

Jumamosi tarehe 2 Desemba 1995 nilimwandika: Musimbi, udongo, karai moja. Ilikuwa moja kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, na kwa sababu shimoni alikuta maji. Mvua za Novemba zilikuwa zimepenya, na sakafu ya tawi la kushoto, pale alipozoea kuchota, ilikuwa tope tupu. Basi aliinua panga akabomoa ukutani, juu ya maji, kwenye kona ambayo hakuwahi kuigusa. Koroboi ilikuwa inafifia. Udongo ulitoka kwa mabonge makubwa, yamejaa vidonge kuliko miaka yote. Alifurahi.

Aliyasaga mabonge yote ila moja. Nyuma ya kitanda cha Elvis na Beverlyne panya alikuwa ametoboa ukuta tundu la ukubwa wa ngumi mbili. Fundi wa kusiriba hazibi tundu la namna hiyo kwa udongo mbichi, kwa kuwa mbichi hunywea ukikauka, ukaanguka. Huchukua bonge kavu, akalichonga upande mmoja mpaka lienee, akaligongomea kwa kiganja, kisha akalifunika kwa tabaka moja la udongo laini. Ndivyo Musimbi alivyofanya. Upande wenye vidonge, kwa kuwa ulijaa vumbi jeupe na vishimo, aliuelekeza ndani ya ukuta. Upande laini ukaja nje. Nyumba ilipokamilika, Beverlyne alisimama uani akaitazama, akasema neno moja tu, "Mama," na Musimbi alilirudia neno hilo kwangu mara tatu siku ya Krismasi.

Jumamosi tarehe 17 Februari 1996, yapata saa nne asubuhi, Beverlyne alikuwa akikunja blanketi alipoona ufa mwembamba kama unywele juu ya mto. Katika ufa kulikuwa na kichwa kisichozidi punje ya hindi. Kilisukuma, chembe ya udongo ikaanguka, na mjusi akatoka mzima mzima. Alisimama ukutani, akalamba jicho la kushoto, kisha la kulia. Nyuma yake akatoka wa pili. Mayowe ya Beverlyne yalipowaleta majirani, ukutani palikuwa na mijusi sita.

Wa kwanza kufika alikuwa Phoebe, ambaye boma lake limepakana na la Musimbi.

"Ukuta umezaa!" alipaza sauti mlangoni. Kisha, kwa kuwa ulimi wake haujui kupumzika, akaongeza, "Musimbi wee, mkaza mwanao bado, ukuta umemtangulia!"

Watu walicheka. Beverlyne hakucheka. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Kicheko kilikatika Phoebe alipochokoa bonge kwa mpini wa jembe na kulitoa uani. Upande uliokuwa ndani ya ukuta ulikuwa na mayai manane, meupe, ya mviringo, makubwa kidogo kuliko mbaazi. Sita yalikuwa yamepasuka yakabaki vikombe. Mawili yalikuwa mazima. Kilichowanyamazisha watu si mayai, bali namna yalivyokaa: mawili mawili, yamegusana, yamebandikwa kwenye udongo kama vifungo vya koti. Mayai ya kuku hulala ovyo. Haya yalikuwa yamepangwa.

"Nani alipanga?" aliuliza mtu. Kila mmoja alijua mkono ulioliweka bonge lile nyuma ya mto wa mwanamke mjamzito.

Kwetu mjusi akimwangukia mja mzito ni ishara mbaya kwa mimba, na watu huacha kula kwanza. Sasa hawa hawakuanguka, walitoka ukutani kichwani pake. Elvis alikuwa bado Kabras, na usiku huo Beverlyne alilala kwa Phoebe. Asubuhi Musimbi alipeleka uji, akarudi nao. Jumatatu vivyo hivyo. Jumatano nilipitia kwake nikamkuta ameketi jikoni, bonge liko mbele yake ndani ya ungo, kama mgonjwa.

"Karani," alisema, "mtoto wa watu akienda Matete na tumbo lile, harudi tena. Na huko akiharibikiwa, basi ni mimi. Mpaka nife, ni mimi. Hata Elvis ataniamkia kwa mbali."

"Uliyaona mayai ulipochimba?"

"Niliona udongo." Akaligeuza bonge polepole. "Miaka arobaini nimeona udongo."

Habari ilifika Matete. Jumamosi iliyofuata, tarehe 24, mamake Beverlyne aliwasili. Aliitwa Nekoye, mwanamke mpana, aliyevaa sweta ya buluu na kushika mwavuli ingawa jua lilikuwa kali. Musimbi alituma niitwe nije na kitabu changu. Nilipofika, Nekoye alikuwa amesimama katikati ya ua. Alikataa kiti, alikataa chai. Beverlyne alikuwa kando yake na mfuko wake wa nguo miguuni.

"Mama Elvis," Nekoye alikuwa akisema, "sikuja kugombana. Nimekuja kumchukua mtoto wangu. Mtoto halali kwenye nyumba ambayo ukuta unazaa kabla yake."

"Mama Beverlyne, nisikie kwanza."

"Nasikia. Tangu asubuhi nasikia. Mpaka utingo wa gari alikuwa ananisimulia mimi habari ya mtoto wangu!"

Musimbi alinitazama. "Soma, karani."

Nilisoma: tarehe 2 Desemba, Musimbi, udongo, karai moja. Nilisema kwamba tangu siku hiyo hadi mijusi walipotoka ni siku sabini na saba.

"Kwa hivyo?" aliuliza Nekoye.

"Kwa hivyo nililetwa na mayai ndani ya udongo, au mayai yaliletwa na mimi," alisema Musimbi, maneno yakimchanganyikia. "Sikuyatia mimi. Yalikuwemo."

Nekoye aliinama juu ya ungo. Aliligusa bonge kwa ncha ya mwavuli. "Mimi sikatai mjusi kutaga. Lakini tazama. Mawili, mawili, mawili, mawili. Hii ni kazi ya mkono. Mjusi ana shule gani?"

Phoebe aliguna kicheko, akakiziba kwa kanga.

"Ningeuona huo ukuta kwa macho yangu, pengine ningejua," Nekoye aliendelea. "Lakini chumba cha mume wa mtoto wangu mimi siingii, hata kikiwaka moto. Hiyo unajua."

"Najua, wala sikuombi uingie. Ungeingia, mimi mwenyewe ningekukemea." Musimbi alisimama, magoti yakalia. "Lakini udongo ulikotoka, hapo hakuna kitanda cha mkweo. Shimoni hakuna mkwe. Twende ukaone wewe, na mimi pia nikaone. Tukikuta si hivyo, nitakubebea huo mfuko mpaka stendi mimi mwenyewe."

Ndipo Beverlyne aliposema kwa mara ya kwanza.

"Mama," alimwambia Musimbi, "uliyaona ukayaweka?"

"Niliona udongo, mwanangu."

"Hujajibu."

"Nimejibu ninachojua. Kilichobaki kiko kule."

Phoebe hakuweza kujizuia. "Mama wa Matete ataingia shimoni na hiyo sweta nzuri hivyo?"

"Sweta inafuliwanga," alisema Nekoye, akampa mwavuli aushike. Kisha akautwaa tena, akasema utamfaa kama fimbo.

Tulikwenda watano. Mjamzito haingii chini ya ardhi, kwa hiyo Beverlyne aliketi juu ya jiwe mdomoni mwa shimo, mfuko ukiwa mapajani, na Phoebe akabaki naye. Tulioingia ni watatu: Musimbi mbele na koroboi, amebeba bonge ndani ya kikapu, Nekoye katikati, na mimi nyuma na tochi ya kituo yenye betri mpya. Nilikuwa nimeandika watu wakiingia katika shimo lile kwa miaka kumi na mmoja. Sikuwahi kuingia mwenyewe.

Hatua ya kumi mwanga wa nje ulikuwa kama dirisha, na hatua ya thelathini ulikuwa kama shilingi. Kwenye kuta mlikuwa na alama za sururu, kali kana kwamba wachimbaji walikuwa wametoka kwenda kula. Musimbi alipitisha kiganja juu yake bila kusimama. Upande wa kulia popo walifanya sauti ya nguo kubwa inayokung'utwa, na harufu yao ikatuchoma pua. Tukakata kushoto. Baada ya kona, harufu ilikatika na hewa ikabadilika. Ilikuwa kavu sasa, yenye uvuguvugu, tulivu kama hewa ya chumba ambamo mtu amelala.

"Karani, elekeza tochi chini kwanza," alinong'ona Musimbi. "Usiwapige machoni."

Nilielekeza chini, kisha nikaiinua polepole. Vimoto vidogo vyekundu viliwaka darini kimoja kimoja, kama makaa yanayopulizwa. Yalikuwa macho. Mijusi walikuwa wametulia kichwa chini juu yetu, kumi, ishirini, na hakuna aliyekimbia. Mmoja alilamba jicho.

"Jamani," alisema Nekoye.

Musimbi alikuwa amesonga mbele hadi kwenye kona. Maji yalikuwa yamekwisha kukauka. Aliinua koroboi, akaisogeza karibu na ukuta, kisha akaniita. Nilileta tochi.

Ukuta wote ulikuwa mayai. Tangu magotini hadi juu ya vichwa vyetu, upana wa milango miwili, hapakuwa na mahali pa kuweka kidole. Yalikuwa mawili mawili, yamegusana, yamebandikwa. Mengine yalikuwa meupe kabisa, mengine yenye wekundu hafifu ndani, kama sikio la mtoto likimulikwa na jua. Mengine yalikuwa vikombe vitupu, na juu ya vikombe vitupu yamebandikwa mayai mapya, na chini ya vikombe hivyo palikuwa na vikombe vingine vilivyosagika, na chini yake vingine, unene wa kiganja. Kila mama aliyetaga hapo alikuja na mayai yake mawili tu, akayabandika kando ya yale ya mwenzake yangali laini, akaondoka. Hakuna aliyekalia, hakuna aliyelinda. Na bado ukuta ulikuwa umepangwa kuliko rafu za ofisi yangu.

Nekoye alianza kuhesabu kwa sauti, akafika mia mbili, akanyamaza. Mimi nilihesabu yaliyoenea katika shubiri moja kwa shubiri, nikazidisha, nikapata zaidi ya elfu tatu. Kisha nikakumbuka yaliyo chini yake, nikaacha.

"Baba aliacha huu ukuta mtupu," alisema Musimbi. "Aliniambia mwenyewe. Palikuwa na mwamba na udongo, basi. Sasa hawa ni nani aliwaambia kuna chumba?"

Nilifikiri juu ya miaka sitini, na juu ya mjusi wa kwanza aliyeingia kutoka msituni, akapita mwanga, akapita popo, akakunja kushoto gizani, akaona panafaa.

Musimbi aliinama. Alichota vumbi la chini ya ukuta kwa mkono wake wa kulia, akalileta karibu na moto. Lilikuwa jeupe, limejaa vipande vyembamba vilivyopinda. Alivitazama, akautazama ukuta, akavitazama tena.

"Vidonge vyangu," alisema. "Mama Beverlyne, hivi ndivyo vidonge vyangu. Nyumba zote zile nimezipaka maganda ya hawa watoto."

Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nekoye alimshika bega, akamwacha kwanza apumue, kisha akasema, "Leta hilo bonge."

Hatukuhangaika kulitafuta pengo lake. Katikati ya weupe wote ule palikuwa na kovu moja la udongo, lenye alama za panga, ukubwa wa kichwa cha mtu, na pembeni mwake nafasi ndogo ya kutosha bonge moja. Musimbi alilitoa bonge kikapuni, akaligeuza, akalisogeza. Upande aliouchonga kuziba tundu la panya ulibaki na mwanya. Lakini kingo mbili ambazo panga halikuzigusa zilikaa kama kifuniko juu ya chungu chake. Jozi moja ya vikombe vya zamani, mbali na yale mayai manane, ilikuwa imekatwa pembeni mwa bonge, nusu ya ganda huku na nusu kule. Nusu hizo zilikutana.

Nekoye aliliwekea kidole hapo zilipokutana. Alikaa nacho muda mrefu.

"Hakuna mkono," alisema hatimaye.

Musimbi alilitia udongo wa mate pembezoni, akalibonyeza mpaka likashika, mayai mawili mazima yakitazama nje kama wenzao. Tulikuwa tunageuka kuondoka Nekoye aliponivuta mkono wa shati. Karibu na uso wake, kwenye ukingo wa kikombe kilichopasuka, mjusi mmoja alikuwa ametoka wakati ule ule. Bado alikuwa amevaa kipande cha ganda mgongoni. Mkia wake ulikuwa mwembamba kama uzi. Alisubiri, akalamba jicho la kushoto, akalamba la kulia, kisha akaanza kupanda kuelekea gizani, na ganda likamdondoka njiani. Nekoye alimfuata kwa macho mpaka mwanga wa tochi ulipoishia.

Nje jua lilitupofusha. Beverlyne aliinuka juu ya jiwe. Phoebe alifungua mdomo, akaona uso wa Nekoye, akaufunga.

"Mama?" aliuliza Beverlyne.

Nekoye aliketi chini kwenye nyasi na sweta yake nzuri, nyeupe sasa mabegani. Alisema, "Nimezaa watoto saba. Kila mmoja nilishikwa mkono, nikafutwa jasho, mtoto akapokewa na watu watatu. Hawa hawana wa kuwapokea. Hawana hata wa kuwafuta uso. Wanatoka gizani, wanajifuta wenyewe, na wanajua njia." Alimgeukia binti yake. "Wako maelfu, Beverlyne. Wamejipanga wenyewe. Hakuna aliyetumwa kwako. Wale sita walichukuliwa kwao wakiwa wamelala, ndio maana wakazaliwa kwenu. Mimi nilikuja kukuchukua. Sasa sikuchukui na sikuachi. Sema wewe."

Beverlyne alimtazama Musimbi. Musimbi alikuwa amesimama na kikapu kitupu, mikono yote miwili myeupe safari hii.

"Mama," alisema Beverlyne, "lile tundu sasa utaliziba na nini?"

Ilichukua muda Musimbi kuelewa kwamba amejibiwa.

"Udongo mwekundu," alisema. "Wa mtoni. Nitaupepeta kwanza."

"Upepete mara mbili," alisema Nekoye kutoka nyasini, na Phoebe ndiye aliyecheka kwanza, kisha sote.

Tarehe 11 Mei nilikwenda shimoni na Musimbi kutazama. Bonge lilikuwa limeshika mahali pake. Yale mawili yalikuwa vikombe. "Wametoka," alisema, kama anayeleta salamu za jirani. Juni Beverlyne alijifungua msichana, mzima, mwenye sauti. Kwa siku ya kuzaliwa kwake sina haja ya kutafuta kitabu.

Desemba ilipofika nilimngoja Musimbi kituoni. Alipita na karai tupu, akielekea mtoni, si kilimani.

"Musimbi, niandike?"

"Utaandika nini, karani? Siendi msituni. Kule ni kitandani mwa watu."

Krismasi hiyo nyumba za mlimani zilikuwa nyekundu. Watu walinung'unika, wengine walimwambia achote tu vumbi la chini, maganda yaliyokwisha kazi hayana mwenyewe. Alisema anaweza kuchota vumbi, lakini hawezi kujiamini gizani na koroboi inayofifia. Hakurudi tena kuchimba. Mwaka uliofuata hakuna aliyemwita tena Mama Chokaa ila wazee.

Nekoye alikuja kumwona mjukuu mwezi wa Januari. Aliketi uani, palepale alipokataa kiti mwaka uliopita, na mtoto akaletwa nje akawekwa mapajani pake, kwa maana chumbani bado hakuweza kuingia. Alimfungua, akamkagua vidole, akamfunga tena.

"Na wale wenzake?" aliuliza.

"Watano walijiondokea," alisema Musimbi. "Mmoja yuko, anaishi nyuma ya kalenda. Beverlyne amekataza asifukuzwe."

"Amekua?"

"Amekua. Amefika hapa," alisema Musimbi, akainua kidole cha mkono wa kulia kumwonyesha urefu, na nilikitazama sana kidole hicho, kwa kuwa ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona rangi yake.